Watoto watatu, makumbusho moja ya sinema: waanze wapi, waruke nini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, naishi Milano na mume wangu na watoto watatu, wa miaka 4, 8 na 12. Likizo hii tumepanga kwenda Torino kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sinema, yale yaliyo ndani ya jengo lenye mnara mrefu. Mwaka jana tuliwapeleka kwenye makumbusho ya sanaa. Baada ya nusu saa mdogo analia, mkubwa kainamia simu, na sisi wazazi tumeshanuniana. Nifanye nini mara hii wafaidike? Na je, humo ndani kuna vitu vya kuwatisha au visivyowafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya safari. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhifadhi mikanda ya filamu na kuwaonyesha watoto wa shule vyombo vya kale vya sinema, na hayo makumbusho ya Torino nayapenda sana, kwa hiyo utanivumilia nikijibu kwa urefu. Wapeleke wote watatu, hata huyo wa miaka 4. Lakini waende kwa shabaha moja: kuona picha inatembeaje. Mabango, mavazi na majina ya waigizaji yaje yenyewe kama yatakuja.

Wazazi wengi huingia kwenye makumbusho ya sinema kwa mapenzi yao wenyewe. Wanasimama mbele ya nguo ya mwigizaji waliyempenda ujanani, wanamwita mtoto aje aone, na mtoto anaona nguo ndani ya kioo, basi. Hajawahi kuiona filamu hiyo, na huyo mwigizaji alikufa kabla bibi yake hajaolewa. Hana pa kuishikia. Jicho lake, kwa upande mwingine, analo, na jicho likidanganywa mbele yake akajua kwamba limedanganywa, huyo humwondoi hapo kwa urahisi. Bahati nzuri ni kwamba Torino wana mojawapo ya mikusanyo bora barani Ulaya ya vyombo vilivyokuwako kabla ya sinema, na vingi vimewekwa mtu achungulie na aone vikifanya kazi.

Anza nyumbani, jioni mbili tatu kabla ya safari. Kata duara la kadibodi, kubwa kama mdomo wa kikombe. Upande mmoja chora ndege, upande wa pili tundu lake la kufugiwa. Toboa vishimo viwili ukingoni, kulia na kushoto, ufunge uzi kila upande. Hapa pana jambo dogo linalowaangusha wengi: tundu la ndege lazima lichorwe kichwa chini, maana duara likizunguka kwa nyuzi hizo linapinduka juu chini. Sokota nyuzi kwa vidole kisha uvute. Ndege anaingia tunduni. Mchezo huu uliuzwa London mwaka 1825 kwa jina la thaumatropi, na mtakikuta cha zamani Torino. Mdogo wako atakitambua kabla hujamwonyesha. Mtoto anayetambua kitu kwenye makumbusho anatembea kwa namna nyingine kabisa na yule anayetambulishwa kila kitu.

Huyo wa miaka 8 mpe daftari dogo na penseli. Achore mpira unaodunda kwenye pembe ya kila ukurasa, kurasa 24, kila mchoro ukisogea kidogo tu kuliko uliotangulia. Apitishe kurasa kwa kidole gumba, haraka. Mpira utadunda, na utakuwa umekwisha kabla hajafurahi vya kutosha. Hapo mwambie: filamu za sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde moja, na kazi yako yote hii ni sekunde moja. Kisha mwachie hesabu ya filamu ya saa moja na nusu. Atapata picha 129,600. Mkanda wake wa upana wa milimita 35, ukinyooshwa chini, una urefu wa karibu kilomita 2 na nusu. Mwambie aifikirie barabara yenu, kutoka mlangoni hadi wapi.

Mkubwa anaweza kukuuliza kwa nini hatuoni picha moja moja. Vitabu vya zamani vilisema picha inabaki kwenye jicho kwa kitambo kabla ya kufutika. Leo wanaochunguza kuona kwa binadamu wanasema kazi kubwa inafanywa na ubongo: ukipewa picha zinazofuatana kwa haraka na zinazotofautiana kidogo, ubongo unaziunga na kuona mwendo. Mwambie na hili, maana vijana wa umri wake hulipenda. Ndani ya projekta ya mkanda kuna kizibo kinachozunguka. Picha inasimama, inamulikwa, inazibwa, mkanda unasogezwa gizani, inakuja nyingine. Watu walioketi kwenye sinema ya zamani kwa saa mbili walikuwa gizani karibu nusu ya muda huo, wala hawakujua.

Jambo la mwisho la kufanya nyumbani ni kumpigia simu bibi yao. Usimwambie bibi awape hadithi. Watoto wenyewe waulize. Alikwenda sinema gani? Kama aliwahi kufika Mombasa ujanani, je, ilikuwa Regal, Naaz au Majestic? Alikwenda na nani, walilipa shilingi ngapi, wanawake walikaa wapi, nyimbo za Kihindi walizijua kwa moyo? Watu walipiga kelele adui alipotokea? Irekodini hiyo sauti. Makumbusho yoyote ya sinema yana mashine na karatasi kwa wingi, lakini watazamaji ndio wanaopotea upesi, kwa sababu hakuna aliyewaandika.

Sasa safari yenyewe. Jengo hilo linaitwa Mole Antonelliana, na mnaweza kuanza kulitafuta kwenye pochi: ile sarafu ya senti 2 ya yuro iliyotengenezwa Italia ina picha yake. Mpe kila mtoto moja. Lilianzwa mwaka 1863 na mbunifu Alessandro Antonelli, liwe sinagogi la Wayahudi wa Torino. Antonelli akawa anazidi kuliinua, fedha zikawaishia wenye mali, mji ukalichukua, na likakamilika 1889. Lina mita 167 na nusu. Makumbusho yamehamia humo tangu mwaka 2000, lakini mwanzo wake ni mwanamke mmoja, mwanahistoria Maria Adriana Prolo, aliyepata wazo hilo mwaka 1941, vita vikiendelea, wakati watu waliona mashine za sinema ya bubu kuwa ni takataka. Alikusanya mashine, mabango, picha na barua, na mwaka 1958 makumbusho yake yakafungua milango. Mimi kila nikifika pale humshukuru, maana vingi tunavyovichungulia leo vingekuwa vyuma chakavu.

Nunueni tiketi mapema kwenye mtandao, na muangalie siku: Jumanne huwa wanafunga. Mtaulizwa kama mnataka na lifti ya kioo. Ichukueni, na muipande kwanza, asubuhi. Wapo wanaoshauri iwe zawadi ya mwisho, mimi sikubaliani. Lifti hiyo inapita katikati ya ukumbi, hewani, imening'inizwa kwa nyaya, na watoto wataiona tangu wakiingia. Mkiiacha mwisho, kila chombo mtakachokitazama kitakatizwa na swali la lini tunapanda. Isitoshe, foleni hurefuka mchana, na asubuhi ndipo milima ya Alpi huonekana vizuri zaidi. Safari ni chini ya dakika moja hadi kwenye baraza lililo mita 85 juu. Kama kuna anayeogopa vimo, asilazimishwe. Mmoja wenu abaki naye chini.

Mkishuka, nendeni moja kwa moja kwenye ghorofa ya vyombo vya kabla ya sinema, wanayoiita akiolojia ya sinema. Hapa ndipo muda wenu utumike. Kama mna saa mbili na nusu kwa jumla, saa nzima iishie hapa.

Utaanza kukuta vivuli. Kuna vikaragosi vya ngozi vya Java na vya nchi nyingine za Asia, vilivyotobolewa kwa ustadi hata kivuli chake kinaonyesha nakshi za nguo. Mdogo wako anajua vivuli vya mikono ukutani, kwa hiyo hapa yeye ni mwenyeji. Mwache asimame atakavyo. Kisha kuna masanduku ya kuchungulia, ambayo Waitaliano waliyaita Mondo Nuovo, yaani Dunia Mpya. Haya yalibebwa kutoka gulio hadi gulio katika karne ya 18. Unaweka jicho kwenye lenzi, unaona mji, mtaa mrefu, watu wenye kofia, mchana kweupe. Kisha mwanga wa mbele unafifia, wa nyuma unazidi, na ghafla ni usiku: madirisha yamewaka, taa zinameta juu ya mto. Ukikagua ile karatasi utaona siri. Fundi ametoboa vitundu kwa sindano, dirisha kwa dirisha, na kubandika karatasi ya rangi nyuma yake. Taa ikihama kutoka mbele kwenda nyuma, jua linatua. Mwinue mdogo afikie lenzi. Usimweleze kitu kabla. Muulize tu ameona nini, kisha mrudishe atazame tena.

Baada ya hapo ni taa za mazingaombwe. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye anayetajwa kuitengeneza ya kwanza mwaka 1659: sanduku, taa, lenzi na kioo kilichochorwa. Mchoro wake wa mwanzo wa picha ya kutembea ulikuwa wa mifupa ya mtu inayovua fuvu lake na kulirudisha. Kwa hiyo swali lako la vitu vya kutisha linaanzia hapa. Watu wa zamani walipopata chombo cha kutoa mwanga ukutani, jambo la kwanza walilolifikiria ni mizimu. Mwisho wa karne ya 18 kulikuwa na maonyesho mazima Paris ambapo taa iliwekwa juu ya magurudumu nyuma ya pazia, ikisukumwa ili mzuka uonekane unakua na kumjia mtazamaji. Mtoto wa miaka 4 anaweza kushtuka akikuta mafuvu na mizuka ya aina hii. Dawa ni kumwonyesha chombo kabla ya picha: hii taa, hiki kioo, hapa anachorwa, pale anatokea. Akishajua mzuka anakaa kwenye kioo kidogo kinachoenea kiganjani, anakuwa yeye ndiye mwenye mzuka. Mkubwa atapenda kusikia kwamba milima hiyohiyo ya Alpi mtakayoiona kutoka barazani ndiko walikotoka Wasavoia, watu wa Savoia, masikini waliokwenda mijini kwa miguu na taa hizo wamezibeba mgongoni, wakionyesha picha kwa sarafu chache.

Kisha yanakuja magurudumu: fenakistoskopi, zoetropi, praksinoskopi. Hapa mpeleke wa miaka 8 mbele. Zoetropi ni pipa lenye mianya. Unachungulia mwanya mmoja pipa likizunguka, na farasi anakimbia. Akitazama kwa juu bila mianya, anaona ukungu tu. Muulize kwa nini. Atafikiri, na jibu liko kwenye kile kizibo cha projekta mlichokizungumza nyumbani. Praksinoskopi, ya Mfaransa Émile Reynaud ya mwaka 1877, imeweka vioo katikati badala ya mianya, na picha inang'aa zaidi. Huyu Reynaud asimuliwe. Mwaka 1892, miaka mitatu kabla ya onyesho la sinema ya kamera la akina Lumière, ndugu wawili wa Kifaransa, alikuwa akiwaonyesha watu wa Paris katuni ukutani, alizozichora na kuzipaka rangi kwa mkono wake, picha moja moja. Sinema ya kamera ilipokuja, hakuna aliyetaka tena kazi ya mkono. Kwa uchungu alivunja mashine yake na kuitupa mikanda yake mingi mto Seine. Nimewasimulia watoto wengi kisa hiki na karibu kila mara kuna anayeuliza kama mikanda bado iko mtoni.

Mkitoka hapo mtatokea kwenye ukumbi mkubwa, Ukumbi wa Hekalu, chini ya kuba lenyewe. Pumzikeni. Kuna viti vyekundu vya kulalia, spika zimewekwa kwenye kichwa cha kiti, na mnatazama vipande vya filamu kwenye skrini kubwa juu huku kuba limewafunika. Mdogo akilala usingizi hapo, mwache alale.

Lakini kabla hamjaketi mtakutana na sanamu kubwa lenye sura ya kutisha, limekaa. Huyo ni Moloki wa filamu ya Cabiria, iliyotengenezwa hapohapo Torino na Giovanni Pastrone na kuonyeshwa mara ya kwanza Aprili 1914. Katika filamu, Moloki ni mungu wa Kartago ambaye watoto hutupwa ndani ya tumbo lake la moto. Huyo wa miaka 4 hahitaji habari hiyo. Mwambie ni sanamu la filamu, limetengenezwa na mafundi, likitumika kutishia. Wa miaka 8 akiuliza, mjibu kwa kifupi na kweli.

Mkubwa wako anastahili zaidi ya hapo, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu watoto wako ni watoto wa Kiafrika wanaokulia Italia. Katika Cabiria kuna mtumwa mwenye nguvu za ajabu, Maciste, Mwafrika. Aliyemwigiza ni Bartolomeo Pagano, mpakiaji mizigo wa bandari ya Genova, Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi mwili mzima. Watu walimpenda mno hata akapewa filamu zake mwenyewe kuanzia 1915, na humo Maciste akawa Mwitaliano mweupe, bila maelezo. Na kumbuka mwaka: Italia ilikuwa imetoka kuichukua Libya kwa vita vya 1911 na 1912, na hapo hapo Torino inatoa filamu kubwa ya Roma ikiishinda Kartago, mji wa Afrika ya Kaskazini. Mtoto wa miaka 12 anaelewa hayo akielezwa. Akiona picha ya Maciste kwenye kabati au kwenye bango, mwambie wewe, kwa Kiswahili, kabla hajapata maelezo nusunusu kwa mtu mwingine. Mwambie pia kwamba filamu hiyohiyo ilifundisha dunia kitu: Pastrone aliiweka kamera juu ya kigari ikawa inasogea taratibu ndani ya picha, na alikuwa amekisajili kigari hicho mwaka 1912. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na kijana anaweza kuyabeba yote mawili.

Kuzunguka ukumbi kuna vyumba vidogo, kila kimoja na aina yake ya filamu. Hapa wazazi gawaneni. Chumba cha filamu za kutisha, wadogo wasiingie kabisa. Mkubwa aingie na baba yake akitaka. Cha mapenzi kina vipande vya watu wakibusiana na zaidi kidogo. Chungulia wewe kwanza, uamue kwa malezi yenu. Cha katuni ni cha wadogo, kaeni. Kuna na kimoja cha vichekesho vya ajabu ambamo viti vya kutazamia ni vyoo. Watoto huacha kila kitu wakakimbilia huko, na hakuna ubaya. Vyumba hivi hufanyiwa mabadiliko mara kwa mara, kwa hiyo muulizeni mfanyakazi aliye ukumbini kabla ya kuingia na mtoto. Wamezoea kuulizwa.

Ghorofa ya juu yake inaeleza filamu inavyotengenezwa: mswada, kamera, taa, mavazi, uhariri, sauti. Hiyo ni ya mkubwa. Aende na mzazi mmoja, mwingine akae na wadogo kwenye vile viti. Mwache apige picha kwa simu yake kama inaruhusiwa pale, bila mmweko. Simu iliyowaudhi mwaka jana mara hii impe kazi: atafute kipande kimoja cha filamu, aone kimekatwa wapi na kuungwa wapi, ahesabu mikato kwa dakika moja. Atakachokipata hakitamwacha atazame video za simu kwa macho yaleyale.

Mabango yapitieni tu. Njia ya mteremko inayozunguka ndani ya kuba huwa na maonyesho ya muda. Kama watoto bado wana nguvu ipandeni, kwa ajili ya kuuona ukumbi kutoka juu, ila mdogo ashikwe mkono. Wakianza kuchoka, tokeni, hata kama mmeacha nusu ya jengo. Nendeni mkale chokoleti ya gianduja, ambayo ni ya mji huo.

Wakiuliza kwa nini humo ndani ni giza, na watauliza, msiseme ni kwa ajili ya sinema. Karatasi, rangi na mikanda huliwa na mwanga, ndiyo maana vitu dhaifu humulikwa kwa lux 50 hivi, mwanga hafifu sana. Mikanda ya zamani ina maradhi yake. Ile ya naitreti, iliyotumiwa hadi miaka ya mwanzo ya 1950, huwaka moto hata ikizamishwa majini, kwa kuwa inatoa oksijeni yake yenyewe. Ile ya asetati iliyofuata haiwaki hivyo, ila ikioza hunuka siki, na ukifungua kopo la mkanda ukaisikia harufu hiyo, unajua umechelewa. Wa miaka 8 atataka kujua zaidi kuhusu moto. Mpe.

Kwetu hasara hiyo tunayo. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa gari Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 35. Zilizobaki ni chache mno, na ziko Uingereza. Watu waliosimama mbele ya kamera ile ni mababu wa watu tunaowajua, na nyuso zao nyingi zimepotea pamoja na mikanda. Mwambie mkubwa hilo mkiwa garimoshini kurudi Milano. Umri wake ndio wa kuanza kujua kwamba kumbukumbu huhitaji mtu wa kuitunza.

Siku inayofuata mrudishe kazini kwa mikono. Aiweke simu juu ya kigari cha kusukumia mtoto, aifunge kwa mpira, aisukume taratibu kumwelekea mdogo wake aliyekaa mezani. Hicho ndicho kigari cha Pastrone. Au awape wanasesere uhai: picha 12 kwa kila sekunde zinatosha kwa kuanzia, simu isitikisike, mwanga usibadilike, na mkono utoke kwenye picha kabla ya kubonyeza. Sekunde kumi ni picha 120, mchana mmoja wa kazi kwa ndugu wawili. Kuna filamu ya 1917 ya hapohapo Torino, kazi ya Segundo de Chomón na Pastrone, ambamo mtoto Momi anaota wanasesere wakipigana vita. Itazameni pamoja kabla hawajaanza.

Na mkienda Malindi mwakani, muulizeni bibi kama ana kanda za VHS za harusi zilizowekwa kabatini. Joto na unyevu wa pwani huleta fangasi, unaonekana kama unga mweupe kwenye ukingo wa mkanda unapochungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiuona, usiitie kwenye mashine, kwa sababu utaichafua mashine na kuambukiza kanda nyingine. Ipelekwe kwa fundi aisafishe kwanza. Zile zilizo safi zihamishiwe kwenye kompyuta sasa, maana mashine zinazofanya kazi zinazidi kuadimika, na zihifadhiwe mahali pawili tofauti. Kazi hiyo mpe mkubwa. Kila kanda aiandikie mwaka, mahali na majina ya waliomo, na majina hayo bibi ndiye mwenye nayo, kwa hiyo aketi naye mbele ya skrini na daftari mkononi.